Mmempa Mathe Simu, Sasa Mpeni Mafunzo

Jumapili moja ya Julai nilikuwa kwa mathe, Kiandutu, Thika, nangojea chai. Shosho wa ploti ya pili akaingia, akaketi kwa stuli, akanyoosha mkono. "Daktari, nipime hiyo presha."

Mathe si daktari. Mathe ni mhudumu wa afya ya jamii, wale wanaitwa CHP. Lakini kwa mtaa, ukishabeba ule mkoba wa mashine, wewe ni daktari na hakuna kurudi nyuma.

Akatoa mashine, akafunga mkanda wake juu ya sweta ya shosho. Sweta nzito, ile ya kufumwa, maana baridi ya Julai huku si mchezo. Shosho alikuwa anapiga stori wakati wote, miguu amepishanisha, mara mjukuu, mara landilodi. Mashine ikafura, ikalia, ikatoa namba. Namba ilikuwa juu. Mathe akaiingiza kwa simu yake ya kazi, akamwambia shosho aende kituo cha afya kesho asubuhi. Sura ya shosho ikabadilika. Stori zikaisha hapo hapo.

Mimi si mtu wa hospitali, lakini nakumbuka kila nikipimwa huambiwa nitoe jaketi. Nikasema, "Mathe, hiyo sweta si ingetoka kwanza?" Tukamwacha shosho atulie dakika tano, bila stori, sweta kando, miguu yote miwili chini. Namba ya pili ikaja tofauti kabisa, chini ya ile ya kwanza. Mathe akaniangalia, kisha akaangalia simu. Ile namba ya kwanza ilikuwa imeshaenda.

Nikamuuliza nani aliwafunza kutumia hiyo mashine. Akasema, "Walituonyesha. Lakini watu walikuwa wengi, na mimi nilikuwa nyuma."

Hiyo "nilikuwa nyuma" ndiyo imenikalisha chini niandike hii.

Najua nitaudhi watu wa apu na watu wa semina kwa mpigo mmoja, lakini wacha niseme. Kelele zote tumepigia simu inayomuuliza mhudumu maswali: ametembelea nyumba ngapi, amepima nani, namba ni gani. Simu inayomfunza kazi tumeiacha nyuma, na mathe huko nyuma. Kuuliza na kufunza ni kazi mbili tofauti. Tukiendelea kuzichanganya, tutakuwa na nchi yenye data nyingi sana ya mkono uliopimwa juu ya sweta.

Kwa wale mlikuwa mnaskroli tu wakati hii ilitokea: tarehe 25 Septemba 2023, pale Uhuru Park, Rais Ruto alizindua jeshi la wahudumu wa afya ya jamii, kama 100,000 nchi nzima. Wakapewa mikoba: mashine ya presha, ya kupima sukari, kipimajoto, mizani, utepe wa kupima mkono wa mtoto, vitu vya huduma ya kwanza. Wakapewa na simu janja zenye mfumo unaitwa eCHIS. Kila mmoja anafaa kuangalia nyumba kama 100. Posho ilipangwa iwe shilingi 5,000 kwa mwezi, 2,500 kutoka serikali kuu na 2,500 kutoka kaunti. Mwezi uliofuata, Oktoba 2023, Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ikatiwa saini, na kazi ya hawa watu ikawa na mahali kwa sheria.

Hiyo ilikuwa hatua, na sitaki kujifanya sioni. Mpango wa afya ya jamii Kenya ni wa tangu 2006, na kwa miaka mingi hawa watu walikuwa wa kujitolea tu. Walibeba vitabu vikubwa vya rejista mvua ikinyesha, wakaandika kwa kalamu. Sasa simu inabeba rejista yote. Na kusema ukweli, haihesabu tu. Inampeleka mhudumu hatua kwa hatua, inauliza mtoto ana homa tangu lini, inamwambia ni wakati gani ampeleke kituoni. Nani atataka kurudi kwa kitabu? Si mathe.

Lakini kuongozwa si kufunzwa. Uliza dere yeyote wa mat ya Thika Road. Ramani ya simu inaweza kukuambia kuna jam Githurai. Dere mwenye akafunzwa na barabara anajua atokee wapi, aingie wapi, na saa ngapi hiyo panya ruti nayo hujaa. Zima simu, bado atakufikisha. Zima simu ya mhudumu mwenye aliketi nyuma ya ukumbi, uone kama atajua mtoto akipumua mara ngapi kwa dakika ndio wasiwasi uanze.

Na hii kazi ina vitu vya kujua, msidhani ni kubisha milango na kusalimia. Sikiliza. Mtoto wa miezi miwili hadi chini ya mwaka, akiwa na kikohozi na anapumua mara 50 au zaidi kwa dakika, hiyo ni haraka, inaweza kuwa nimonia. Wa mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano, ni mara 40. Unahesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Akilia unangoja. Utepe wa mkono nao una rangi: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, kutoka 11.5 hadi 12.5 ni manjano. Juu ya hapo kijani. Ukivuta utepe sana, mtoto mzima anaonekana mgonjwa. Ukiuacha ulegee, mtoto wa nyekundu anaandikwa manjano na analala njaa yake kimya kimya.

Presha ndiyo mbaya zaidi maana haina kelele. Mtu anatembea nayo miaka, hajui. Mkanda mdogo kwa mkono mnene unapandisha namba. Kuongea kunapandisha. Kukaa miguu imepishana kunapandisha. Sasa fikiria makosa madogo kama hayo, mara nyumba 100, mara wahudumu 100,000. Halafu mtu kwa ofisi anaangalia grafu yenye rangi nzuri anasema, "Tunaona hali ilivyo mashinani." Unaona nini, boss? Programu yoyote duniani inaandika kile umeipa. Haiwezi kuona sweta.

Kila nikianza hii mada kwa komenti, majibu huja ya aina mbili. Tuanze na ya kwanza: "Hao wamama hawawezi simu. Wapewe vijana hiyo kazi."

Hii inaniudhi kutoka ndani. Mathe anaendesha chama cha wanawake 20 kwa WhatsApp, anajua nani hajatuma, anatuma sauti za dakika tatu, anakata bando la usiku kuliko mimi. Na kumbuka M-Pesa ilikuja 2007. Nani alipelekwa semina ya M-Pesa? Hakuna. Shosho zetu, wengine hata hawakuwa wamesoma, walifunzwa na ajenti kwa kibanda. Ajenti alisema, bonyeza hapa, sasa weka pini, usinionyeshe, sasa soma meseji. Ulifanya kwa mkono wako, kwa pesa yako mwenyewe, na ukikosea ulikuwa na mtu wa kurudia kesho yake. Nchi nzima ikajua. Nataka mkumbuke hiyo picha ya ajenti, nitairudia.

Shida haikuwa wamama. Hata mimi ukinionyesha mashine mara moja kutoka mbele ya ukumbi uliojaa, nikiwa laini ya mwisho, sitajua kuitumia. Na nina miaka ishirini na kidogo, na hakuna setingi ya simu sijawahi kuigusa.

Komenti ya pili ni ya wasee wa teknolojia, na hawa ni mabeste zangu, wengine tunashare wifi: "Simple. Weka masomo yote kwa apu. Video, maswali ya kuchagua, cheti cha PDF. Shida imeisha."

Mimi ndiye ningefaa kupiga makofi ya kwanza hapo. Niliacha chuo. Kila kitu kinanilipia keja yangu Ruiru nimejifunza kwa simu: kuedit, taa, sauti, hata hesabu ya kodi. Hakuna mtu anaamini masomo ya simu kuniliko. Ndio maana najua pia kwa nini yalifanya kazi kwangu. Nilikuwa na muda. Nilikuwa na intaneti. Nilichojifunza saa nne usiku nilikifanya saa nne na nusu. Nikikosea, kulikuwa na msee wa kumuuliza. Na nikijua, nililipwa zaidi. Ondoa moja ya hizo uone kama ningefika. Hao wenye wanataka kuweka video kwa apu na kuondoka wanachukua kitu kimoja kati ya vitano, wanaita hiyo mafunzo.

Acha niwaambie nilifanya nini. Baada ya ile Jumapili, nilienda kwa nesi mmoja nikamuomba anionyeshe presha inapimwa vipi. Nikarudi kwa mathe, nikashuti video ya sekunde 50. Mkono wa mathe, mashine, Kiswahili cha kawaida. Toa sweta. Keti dakika tano, mgongo umeegemea. Miguu chini. Mkono uwe usawa wa moyo. Usiongee. Ikitoka juu, ngoja kidogo, rudia. Basi.

Kwa ukurasa wangu hiyo video ilikufa. Watu hawakuja kwangu kuona mikono ya mathe. Lakini kwa kikundi cha mathe cha WhatsApp ilizunguka ikarudi, ikazunguka tena. Kisha maswali yakaanza kuingia. Mkono wa huyu mama ni mnene, mkanda haufungi, nifanye? Huyu ana mimba ya miezi saba na namba iko hivi, nimwambie nini? Huyu mzee anameza dawa lakini aliacha wiki iliyopita, nimpime au nimpeleke?

Sikuwa na jibu la hata moja. Na sikufaa kuwa nalo. Huyo mwenye mimba hangengoja mimi niangalie mtandaoni. Nilimwambia mathe ampigie nesi hapo hapo. Hapo nikaelewa vizuri kuliko darasa lolote. Video ilikuwa imefungua mlango, na nyuma ya mlango kulifaa kuwe na mtu. Yule ajenti wa kwa kibanda. Bila yeye, video nzuri inaweza hata kuwa hatari, maana inampa mtu ujasiri kabla hajapata ujuzi.

Na msiniambie hii ni ndoto ya Ulaya. Tumeshaifanya hapa nyumbani.

Mwaka 2005, Amref pamoja na Baraza la Wauguzi Kenya na kampuni ya Accenture walianza kufunza wauguzi kwa kompyuta. Kenya ilikuwa na wauguzi zaidi ya 20,000 wenye cheti tu, na ilitaka wapande wawe na diploma. Kuwatoa wote kazini warudi darasani kungefunga wodi. Basi masomo yakawafuata huko walipo, wakasoma wakiendelea kutibu. Hiyo ilikuwa 2005, wengine wetu tulikuwa tunanyonya. Kompyuta peke yake haikuwa siri. Kazi ya mikono ilifanyiwa kwa wodi, na mwisho kulikuwa na mtihani wa baraza na diploma inayotambulika. Muuguzi alijua akimaliza, maisha yake yanabadilika.

Kisha Amref wakaja na mpango mwingine wa wahudumu wa mtaani, wakiwa na Safaricom, M-Pesa Foundation na wengine. Baadaye ukaitwa Leap. Huo ulifunza kwa meseji na sauti iliyorekodiwa, kwa simu ya kawaida. Kabambe! Mulika mwizi! Hukuhitaji bando wala kioo kikubwa. Kwa hivyo msituambie mafunzo yanangoja simu mpya au mtandao wa kasi. Mathe anapika akisikiliza redio. Anaweza kupika akisikiliza somo la dakika nne.

Na huko Kibera na Makueni, watafiti waliweka wahudumu na wasimamizi wao kwa vikundi vya WhatsApp, matokeo yakachapishwa 2016. Watu walitumia kikundi kuuliza, kutuma picha za kazi, kusahihishana, kupeana moyo. Msimamizi alikuwa ndani ya kikundi. Kile kikundi cha mathe kilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa kilikosa mtu mmoja tu: mwenye anajua.

Mtaniuliza, na akili bandia je? Si itajibu hayo maswali? Sawa, twende huko. Mwaka 2025, Penda Health na OpenAI walitoa matokeo ya jaribio kwa kliniki 15 za Penda huku kwetu, wagonjwa karibu 40,000. Maafisa wa kliniki wenye walikuwa na msaidizi wa akili bandia walifanya makosa ya kutambua ugonjwa pungufu kwa asilimia 16, na makosa ya matibabu pungufu kwa asilimia 13. Hiyo si mchezo. Lakini soma mpaka chini. Mwanzoni, wahudumu wengi walikuwa wanapita tu maonyo ya mashine bila kuyafuata. Ilibidi watu wakae nao, wenzao wawaonyeshe, mtu afuatilie nani anaitumia na nani haitumii. Yaani hata ile teknolojia kali kuliko zote ilihitaji ajenti wa kwa kibanda. Na hao walikuwa watu wa kliniki, wamesoma kazi hiyo miaka. Mathe alikuwa laini ya mwisho ya ukumbi.

Sasa tuongee pesa, maana hapa ndipo kila mtu huanza kuangalia kando.

Posho ya 5,000 ukiigawa kwa nyumba 100 ni shilingi 50 kwa nyumba kwa mwezi mzima. Smocha moja. Kwa hiyo smocha, mhudumu apande ngazi, abishe, apime, aingize data, arudi kama mlango ulikuwa umefungwa. Na malalamiko ya posho kuchelewa yamekuwa kwa habari mara nyingi, kaunti moja baada ya nyingine. Halafu mtu anakuja na wazo eti wajisomee usiku, kwa bando lao, baada ya kazi, bure. Yaani mafunzo yawe zawadi yenye mpokeaji ndiye anailipia. Msee mwenye anapendekeza hivyo, yeye akihudhuria warsha ya siku mbili hupewa chai saa nne, lanchi, na nauli ya kurudi.

Najua wengine mnasema, hii inanihusu nini, mimi naishi bedsitter Ruiru, sijawahi ona CHP. Ndio, na ni kwa sababu akija, mlinzi wa geti humrudisha. Au wewe mwenyewe unachungulia kwa pazia unafikiri ni mtu wa kuuza maombi. Ploti zetu zimejazana, keja kwa keja, maji ya kununua, choo cha kushare. Mnakumbuka kipindupindu cha Oktoba 2022? Kilihusishwa na sherehe ya harusi hapa hapa Kiambu, kabla kisambae kaunti zingine. Kiambu tuko zaidi ya watu milioni 2.4 kwa sensa ya 2019. Kitu kama hicho kikianza Kimbo au Kihunguro, mtu wa kwanza kujua si waziri. Ni mama mwenye mkoba, kama amefunzwa kujua kuhara kwa kawaida na kuhara kwa kuogopesha vinatofautiana wapi, kama anajua kuchanganya maji ya chumvi na sukari ya pakiti vizuri, na kama ana mtu wa kumpigia simu saa hiyo hiyo.

Na mwaka 2025 madaktari wa kaunti yetu walipogoma karibu miezi 5, unafikiri mathe zenu na shosho zenu walibisha mlango wa nani?

Kwa hivyo haya ndiyo nataka, na nataka mnisaidie kuyapigia kelele.

Moja, masomo mafupi kwa sauti na video, kwa Kiswahili na kwa lugha za watu. Kwa Thika Kikuyu hakiepukiki. Yatengenezwe yafanye kazi hata kwa kabambe, na yarudiwe. Mtu hajui kitu kwa kukisikia mara moja. Anakijua mara ya tano.

Mbili, kila somo la simu liwe na siku ya mikono. Watu kumi, mashine moja, nesi mmoja, kila mtu apime mwenzake mpaka akosee na arekebishwe. Kumi. Mia waliojaa ukumbi hapana. Kwa watu kumi hakuna nyuma.

Tatu, msimamizi awe ndani ya kikundi, na kujibu maswali kuhesabike kama kazi yake, kwa saa zake za kazi.

Nne, bando na muda walipiwe. Na masaa ya kusoma yaandikwe mahali, yahesabike. KMTC ina kozi za afya ya jamii, na kampasi yake moja iko hapa Thika. Kwa nini mhudumu mwenye amesoma kwa simu miaka miwili, akafanya mazoezi, akapita mtihani, akitaka kuingia huko aanze kama mtu hajawahi gusa kipimajoto? Wauguzi wa 2005 walipata diploma. Mathe asipate PDF.

Mtasema hayo yote ni ghali. Simu 100,000 zilikuwa bure? Tayari tumenunua kitu cha gharama. Sasa tunaogopa kulipia kile kinakifanya kiwe na maana. Ni kama kununua mat mpya, grafiti, muziki, skrini saba, halafu unaipa mtu mwenye alionyeshwa gia mara moja kutoka kiti cha nyuma.

Na sisi vijana, tusijitoe. Kaunti ikitangaza kikao cha wananchi cha bajeti, ukumbi huwa umejaa wazee na viti vitupu. Enda ukae kwa kimoja, uulize swali moja: mafunzo ya wahudumu wa afya ya jamii yana shilingi ngapi mwaka huu, na ya siku ngapi? Ile ya vifaa watakuambia haraka. Ngoja hiyo ya mafunzo. Na CHP wa ploti yenu akibisha, mfungulie. Muulize ni kitu gani angetaka kufunzwa. Kama unajua kuedit, umeshapata kazi ya wikendi.

Lakini usifanye kosa langu la kwanza, la kufikiri kamera inatosha. Wiki iliyopita mathe alinipigia. Shosho anaendelea vizuri, siku hizi anafika akiwa ameshabeba sweta mkononi. Kikundi sasa kinataka video nyingine, ya kuhesabu pumzi za mtoto.

"Tutaifanya Jumapili," nikamwambia.

"Jumapili sawa," akasema. "Lakini kuja na nesi."